Vijana wetu wafunzwe kazi ya leseni za picha katika makumbusho ya Lamu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo hapa Lamu limekuwa likipita mbele ya macho yetu bila ya kupewa uzito wake, nalo ni kazi ya kutoa ruhusa na leseni za picha za vitu vilivyohifadhiwa katika makumbusho, na haja ya kuwafunza vijana wetu kazi hiyo wakiwa bado wanafunzi.

Majuma matatu yaliyopita wasichana wawili wa mtaa wetu wa Langoni, wote wa mwaka wa tatu chuo kikuu, walinijia nyumbani na barua zao za kuombea mafunzo ya nyanjani, yale ambayo wenyewe huyaita atachimenti. Mmoja anasomea historia na mwenzake anasomea sayansi ya maktaba na habari. Walikuwa wamekwisha kupita ofisi nyingi, na katika ile moja iliyowakubali walitajiwa kwamba watapanga viti vya mikutano na kupeleka barua. Waliniuliza ni kazi gani hasa ambayo mtu wa masomo yao angeweza kujifunza ndani ya makumbusho kama angepewa nafasi ya kweli. Sikuhitaji kufikiri, kwa sababu kazi hiyo nimeifanya. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikisoma Marekani kwa ufadhili, nilikaa miezi mitatu kama mwanagenzi katika kitengo cha leseni za picha cha jumba moja la makumbusho ya sanaa, na yale niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii.

Leseni ya picha ni ruhusa ya maandishi inayoeleza ni nani atakayeitumia picha ya kitu fulani, ataitumia wapi, kwa muda gani, na chini yake yataandikwa maneno gani. Ofisi niliyofanyia kazi ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu, ghorofa ya chini, karibu na mlango wa kupakulia mizigo, na mgeni aliyekuja kutazama michoro asingejua kwamba ipo. Hata hivyo, picha yoyote ya kitu cha makumbusho yale iliyotokea katika kitabu, kalenda, filamu au gazeti kwa njia ya halali ilikuwa imepitia pale kwanza.

Asubuhi zangu zilianza kwa kusoma maombi yaliyofika kwa barua pepe. Mchapishaji wa vitabu vya shule alitaka picha ya bakuli la udongo. Mwanafunzi wa uzamifu alitaka picha sita za kutia katika tasnifu yake. Kampuni ya kutengeneza madaftari ilitaka ua lililochorwa pembeni mwa mchoro fulani, ua peke yake, mchoro wenyewe haikuutaka. Kila ombi lilikuwa na maswali yake: picha itakaa kwenye jalada au ndani, itajaza ukurasa mzima au robo, zitachapwa nakala ngapi, kwa lugha gani, zitauzwa katika nchi zipi, na je, kitabu kitasomwa pia kwenye simu na kompyuta. Majibu ndiyo yaliyopanga ada, kwa hiyo mwanafunzi hakutozwa sawa na kampuni ya madaftari, na mara nyingi hakutozwa chochote. Ua lile halikutoka, kwa sababu aliyelichora alikuwa angali hai na hakukubali kazi yake ikatwe vipande.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naona hata wasomi wetu wengi hulichanganya, kwamba kumiliki mchoro si kumiliki hakimiliki yake. Makumbusho yanaweza kuununua mchoro kwa fedha nyingi na kuutundika ukutani miaka 40, na bado haki ya kuutolea nakala ikabaki kwa aliyeuchora au kwa warithi wake. Tena muda wa haki hiyo hubadilika kwa nchi. Picasso alifariki mwaka 1973. Kwa kipimo cha sheria yetu ya Kenya, ambacho ni maisha ya msanii na miaka 50 baada ya mwaka aliofia, kazi zake zimekuwa huru tangu mwisho wa mwaka 2023, ilhali Ufaransa, ambako huhesabiwa miaka 70, zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2043. Mwanagenzi anayeulizwa kama picha inaweza kuchapwa hana budi kuuliza kwanza itachapwa wapi. Picha za kamera nazo zina hesabu yake katika sheria yetu: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao picha ilipigwa, au ilipotolewa kwa umma, au ilipochapishwa mara ya kwanza, ukichukuliwa ule mwaka wa mwisho kati ya hiyo. Kwa hiyo picha iliyopigwa na kuchapishwa mwaka 1965 ilikuwa huru ulipokwisha mwaka 2015, lakini iliyopigwa mwaka huo huo ikakaa sandukuni na kuchapishwa mwaka 1990 bado ina mwenyewe. Ni nani anayezifanya hesabu hizi kwa picha za kale za mji huu? Tunao mafundi wa picha waliotuachia kazi kubwa, akiwamo marehemu Omar Said Bakor, ambaye picha za studio yake hapa Lamu, alizoziunga na kuzipamba kwa mkono, zimeandikwa na watafiti na kuonyeshwa nje ya nchi, na kila anayeziomba picha za aina hiyo anastahili kujibiwa na mtu anayejua haki ziko kwa nani.

Naomba sasa nieleze kisa kimoja kwa kituo, kwa kuwa ndicho kilichonipa hakika ya haya ninayoyasema.

Katika wiki yangu ya tano nilipewa sanduku la picha za zamani za Afrika Mashariki ambazo makumbusho yalikuwa yamepewa zawadi na familia moja. Kazi yangu ilikuwa kuilinganisha kila picha na nambari yake katika rejista, kuandika maelezo yake, na kuonyesha kama iko huru au ina mwenye haki. Nilipofikia ya kumi na kitu nilitoa picha iliyobandikwa juu ya kadi nene, kingo zake zimegeuka rangi ya chai, na ndani yake mwanamke amekaa juu ya kiti cha enzi, miguu juu ya kibao chake, na nyuma yake ukuta mzima wa vidaka vya chokaa, katika kila kidaka sahani au bakuli. Rejista ilisema kwa Kiingereza kwamba huyo ni mwanamke Mwarabu wa Zanzibar. Moyo uliniambia kwamba ukuta ule naujua, kwa maana nimelala chini ya ukuta kama ule katika ndani (chumba cha ndani kabisa cha nyumba) ya bibi yangu mzaa mama tangu utotoni. Lakini moyo si ushahidi, na vidaka vilikuwako Pate na Siyu na kwingineko, kwa hiyo niliigeuza kadi. Nyuma yake, pembeni, palikuwa na alama tatu za penseli zilizokaribia kufutika. Katika rejista mtu alikuwa ameandika kwamba kuna maandishi ya Kiarabu yasiyosomeka. Nikaisogeza kadi chini ya taa, nikailaza kidogo ili mwanga upite juu ya mikwaruzo ya penseli, nikasoma: alifu, mimu, wau. Amu.

Mhariri, wasomaji wako wa mwambao hawahitaji kuambiwa kwamba Amu ndilo jina ambalo wenyeji wa kisiwa hiki hukiita kwao. Maandishi yale hayakuwa Kiarabu. Yalikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika wazee wetu wote, na mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kur-ani hapa mtaani angeyasoma. Wale wataalamu niliofanya nao kazi ni watu waangalifu mno, na siwalaumu. Waliijua sheria ya hakimiliki ya nchi tatu, waliijua karatasi na wino, walijua namna ya kuipigia picha kadi bila ya kuitia joto la taa. Neno lile la herufi tatu ndilo lililowashinda, kwa kuwa hapakuwa na mtu wetu katika chumba kile. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Tulipofungua faili la picha hiyo tukakuta imekwisha kutolewa leseni mara mbili, kwa wachapishaji wawili, na mara zote mbili imechapwa kuwa ni Zanzibar. Msimamizi wangu aliwaandikia wote wawili. Mmoja alijibu kwamba atasahihisha kitabu kikichapwa tena. Wa pili hakujibu. Rejista ilibadilishwa siku ile ile, na hadi leo anayeomba picha ile hupewa maelezo yanayosema ilipigwa Lamu na kwamba jina la mwanamke halijulikani. Kuhusu kumwita Mwarabu, neno hilo liliondolewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ushahidi wa nasaba yake, na wapiga picha wa enzi hizo walikuwa na mazoea ya kuwavisha na kuwakalisha watu kwa namna iliyouza kadi, kisha kuwabandika kabila lililopendeza wanunuzi wa Ulaya.

Lipo pia swali ambalo fomu ya leseni haikuwa nalo, nami niliomba liongezwe. Picha ile ilikuwa huru kisheria. Yeyote angeweza kuitia kwenye fulana. Lakini yule ni mwanamke wa nyumba ya watu, amepigwa picha ndani ya ndani, mahali ambapo mwanamume asiye maharimu hakuwa na njia ya kufika, na kila mtu wa Lamu anaelewa uzito wa stara katika jambo kama hilo. Sisemi picha ifichwe. Nasema kwamba kabla ya kuitoa itumike kuuza sabuni au vyumba vya hoteli, mtu aulizwe. Msimamizi wangu alilisikiliza jambo hilo kwa makini, na kwenye kumbukumbu ya picha ile ikaongezwa sehemu ya tahadhari inayomtaka anayeshughulikia ombi la biashara alifikishe kwanza kwa mkuu wa kitengo. Mwanafunzi mmoja wa Lamu, kwa miezi mitatu, aliweza kuyafanya hayo katika makumbusho ya watu. Je, wanafunzi wawili wangefanya nini katika makumbusho yetu wenyewe?

Kwa maana hazina yetu si haba. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Katika jumba la makumbusho la pwani ya mji wetu zimehifadhiwa siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe, ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu, vitu ambavyo hakuna anayeandika juu ya sanaa ya Waswahili asiyetaka picha zake. Kuna Ngome, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821 na kutumiwa kama jela hadi mwaka 1984 kabla ya kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa, na kuna Nyumba ya Kiswahili pamoja na ile ya posta ya Wajerumani. Ulimwengu nao unaitaka hazina hiyo: mwaka 2017 makumbusho ya sanaa ya Krannert, katika Chuo Kikuu cha Illinois, yalifungua maonyesho makubwa ya sanaa ya Waswahili ambayo baadaye yalihamia Washington na Los Angeles, na miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa vilikuwamo vilivyoazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Maonyesho kama hayo huzaa picha kwa mamia, za vitabu, za mabango, za magazeti, na kila moja inahitaji mtu wa upande wetu wa kusoma maelezo yake kabla hayajachapwa.

Hali ilivyo ni nyingine. Mwalimu mmoja rafiki yangu alitaka picha moja tu ya kifaa cha kale cha mwambao kwa ajili ya kijitabu cha darasa la tano. Alizungushwa na ofisi kadhaa kwa wiki nne, huku akiambiwa kwamba mhusika yuko mkutanoni, na mwisho akaipata picha hiyo kwa muuzaji wa picha wa ng'ambo kwenye intaneti, akailipia kwa fedha za kigeni, na maelezo yaliyokuja nayo yalikuwa na makosa mawili ambayo ilimbidi ayasahihishe mwenyewe.

Kuhusu faida ya kumbukumbu iliyoandikwa vizuri, wenzetu wa upande wa Malindi na Kaloleni wana mfano ambao kila mwanafunzi wa Pwani anafaa kuujua. Vigango vya Wamijikenda, ile miti ya nakshi inayosimamishwa kuwakumbuka wazee wa Gohu (chama cha wazee wenye heshima) waliofariki, viliibwa kwa wingi na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara, na vingi vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango vya nduguze, na muda si mrefu vigango hivyo vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu, alionyeshwa picha za vigango vilivyomo katika makumbusho ya huko kwao, akakitambua kimoja. Safari ilikuwa ndefu, lakini mwaka 2007 familia ilirudishiwa kigango chake. Tafadhali tazama kilichofanya kazi hapo. Wizi ulikuwa ukijulikana na kulalamikiwa siku zote, na malalamiko hayakurudisha kitu. Kilichokirudisha kigango kile ni picha yenye tarehe, yenye mahali, yenye jina la mwenyewe, iliyowekwa mahali ambapo ingeweza kupatikana. Makumbusho ya Denver nayo yalikubali mwaka 2014 kuviachia vigango 30, lakini kuvirudisha kila kimoja kwenye kaya kilikotoka ni kazi ngumu kwa sababu vingi havina kumbukumbu ya namna hiyo.

Hapa Lamu pia tumeshaonja wema wa kazi kama hii. Vitabu vilivyoandikwa kwa mkono vya Msikiti wa Riyadha vilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na kwa utaratibu wa mpango huo vitabu vyenyewe vilibaki mikononi mwa wenyewe, nakala za picha ndizo zilizosafiri. Nauheshimu sana mpango ule. Lakini mwaka 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia mitambo ya Maktaba ya Uingereza, huduma zake nyingi za mtandaoni zikasimama kwa miezi, na mtafiti aliyezoea kusoma kutoka mbali akakuta mlango umefungwa. Nakala zinazokaa hapa, zenye nambari, maelezo na masharti yake ya matumizi, na vijana wanaojua kuzihudumia, ni akiba ambayo hatupaswi kuiweka mahali pamoja tu, tena ng'ambo.

Najua nitaambiwa kwamba dunia inaelekea kwenye picha za bure, na kwamba kuwafunza vijana kazi ya leseni ni kuwafunza kazi inayokufa. Ni kweli kwamba makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam yalifungua picha 125,000 mwaka 2012, kwamba Metropolitan ya New York ilifungua picha 375,000 mwaka 2017, na kwamba Smithsonian ilifungua picha milioni 2.8 mwaka 2020. Binafsi nafurahi, na ningependa mwalimu wa Malindi aweze kuwaonyesha wanafunzi wake ule mchoro wa Kichina wa twiga wa mwaka 1414, mnyama ambaye wanahistoria wengi wanamhusisha na mji wao, na ambao nakala yake moja ipo katika makumbusho ya sanaa ya Philadelphia, bila ya kumlipa mtu. Lakini picha hizo zote hazikufunguliwa kwa kufumba macho. Palihitajika watu wa kukaa na kuhakikisha kwamba muda wa haki umekwisha, na bado wanahitajika watu wa kuuliza kama maelezo ni sahihi, na kama kitu chenyewe ni cha kaburini au cha ibada ya watu ambao hawajaulizwa. Kazi ya ofisi hizi imehama kutoka kutoza ada hadi kujua, na ujuzi wa vitu vyetu ndio hasa ambao mwanafunzi wa Lamu anao tangu nyumbani.

Sheria pia inatutaka tufanye kazi hiyo. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni inazipa serikali za kaunti jukumu la kuwa na rejista ya maarifa na sanaa za jamii zake, na inaitambua haki ya jamii kuombwa idhini kabla ya vitu hivyo kutumiwa kibiashara, huku Bodi ya Hakimiliki ikitakiwa kuwa na hazina ya kidijitali ya nchi nzima. Rejista haijijazi. Inajazwa na mtu aliyekaa na fundi wa nakshi pale dukani kwake, akaandika jina la ua lililochongwa mlangoni kama fundi mwenyewe anavyoliita, akapiga picha akiwa ameweka kando ya mlango rula na kadi ndogo ya rangi, kisha akamuuliza fundi kama anakubali picha hiyo itolewe kwa watu na kwa masharti gani. Mlango uliokwisha kusimama njiani, kama pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, yeyote anaweza kuupiga picha na sheria haimkatazi. Ndiyo maana jina la fundi na jina la ua yanafaa kupatikana mapema kwa anayetaka kuandika ukweli.

Ninachokiomba kwa wasimamizi wa makumbusho ya Pwani na kwa serikali ya kaunti ni nafasi mbili kila mwaka, za wiki kumi na mbili, zilizotengwa kwa kazi hii na zilizotangazwa wazi ili hata mtoto wa Faza au Kiunga asiye na mjomba ofisini aweze kuomba. Nasisitiza kwamba wanafunzi hao walipwe angalau nauli ya boti na chakula cha mchana. Mimi nililipwa kwa saa nilipokuwa ugenini, na bila ya malipo hayo nisingeweza kukaa miezi mitatu. Anayeweza kufanya kazi bure kwa wiki kumi na mbili ni yule ambaye kwao kuna nafasi, na mtoto wa mvuvi hataweza. Vifaa vinavyohitajika kuanzia ni vichache: meza moja iliyo mbali na jua, kamera nzuri na mguu wake, taa mbili, kompyuta, na diski mbili za kuhifadhia ambazo hazilazwi chumba kimoja. Ubora nao uwe wa kazi. Ukurasa wa A4 unaochapwa vizuri unahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 2,480 kwa 3,508, na picha iliyopigwa haraka kwa simu kisha ikatumwa kwa WhatsApp aghalabu huwa imekwisha kupungua kabla ya kufika.

Waanze na vitu 50 tu, si zaidi. Kwa kila kitu waandike nambari ya usajili, jina kwa Kiswahili cha hapa, jina la aliyekitengeneza kama linajulikana, mahali kilipotoka, hali ya hakimiliki, na kama kuna tahadhari ya heshima ya kuzingatiwa. Kisha waandae fomu moja ya maombi ya picha kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yenye maswali yale niliyoyataja, na ratiba ya ada inayomwachia mwalimu na mwanafunzi bila malipo na kumtoza mwenye kalenda na hoteli. Huenda wengine wakahofia kwamba vijana watazisambaza picha ovyo kwenye simu zao. Hofu hiyo hutibiwa kwa mkataba wa ukurasa mmoja na msimamizi aliyepo, kama ilivyokuwa kwangu. Siku ya kwanza nilitia sahihi kabla ya kuonyeshwa kiti changu.

Wale wasichana wawili bado wanatafuta nafasi, na muhula wao unaanza baada ya miezi miwili. Daftari langu la uanagenzi ninalo, lenye mifano ya maombi niliyoyashughulikia na namna nilivyojibu, na niko tayari kukaa nao kila Jumamosi asubuhi bila ya malipo ikiwa watapatiwa meza. Nimekwisha kuandika pendekezo hili kwa kurasa tatu na kulipeleka kwa mkono katika ofisi inayohusika Jumatatu iliyopita, nikapewa nakala yenye muhuri, na sasa nasubiri jibu.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu